Vipande Tisa vya Injini ya Marehemu Mhandisi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mzee Beseni (la kwenye kitambulisho afande amelinakili kwenye jalada). Umri: miaka 71. Kazi: fundi mkuu wa injini za mzunguko. Makazi: chumba cha nyuma, gereji ya mpwa wangu.

Mimi ndiye mtu pekee mji huu mzima aliyefungua na kufunga injini za mzunguko zaidi ya ishirini. Afande ameniangalia juu ya miwani. Basi, hata moja sijafungua. Kazi yangu ni kuosha vyuma na kufagia, ndiyo maana naitwa Beseni. Nimeomba kuandika kwa mkono wangu kwa sababu afande anaandika haraka kuliko ninavyoweza kusema ukweli. Shule niliishia darasa la tano, mwalimu alichoka kabla yangu.

Fundi ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Wateja wanamwita Sikio kwa kuwa huinama kwenye boneti kama daktari, akakwambia gari linaumwa wapi. Ndiye mliyemweka ndani tangu juzi kwa madai ya kuiba kipuri.

Mnamo tarehe 4 mwezi huu, Jumatatu, saa nne asubuhi, mama mmoja mjane alituletea injini. Marehemu mumewe alikuwa mhandisi wa kiwanda kilichotaka kuunda gari, na gari lenyewe halikutoka. Injini za majaribio zilikuwa mbili tu. Moja iliyeyushwa, iliyobaki ndiyo hii. Haina pistoni wala vali. Ndani mna vyuma vitatu vya pembe tatu, vinaitwa rota, vinazunguka kwenye chumba chenye umbo kama ganda la karanga. Kila pembe ya rota ina kipande chembamba cheusi cha kuziba upenyo, jumla vipande tisa. Marehemu alivisugua kwa mkono, kila kimoja kwa mfereji wake.

Mama alisema, "Mwanangu, wiki ijayo naikabidhi kwa watu wa makumbusho. Nataka niisikie tena, mara moja tu."

Sikio akamjibu, "Utaisikia, mama. Ila usiniharakishe."

Tarehe 6, Jumatano, saa tatu na nusu asubuhi, Sikio alivitoa vile vipande akavipanga juu ya kadibodi aliyoiandika namba moja mpaka tisa. Akaiweka kwenye meza ya dirishani, akaenda kutafuta gaskiti. Hapo ndipo palipoharibika. Meza ya dirishani ni meza yangu. Miaka kumi na minane, chochote kinachowekwa pale kinaingia kwenye beseni. Nilivimwaga vyote tisa kwenye mafuta ya taa, nikavisugua huku napiga mluzi. Wakati wa kuvitoa kimoja kiliteleza, kikaanguka kwenye sakafu ya saruji, ncha ikakatika kiasi cha punje ya mchele.

Nilivirudisha juu ya namba kama nilivyovishika, chochote popote. Kile kilichokatika nilikipiga msasa hadi pakawa kana kwamba kilizaliwa hivyo, nikakiweka cha tisa.

Saa saba Sikio akarudi. "Mjomba, umevigusa hivi?"

"Mimi? Labda paka."

"Gereji hii haina paka."

"Ndiyo maana hujamwona."

Alicheka. Alipofika cha tisa akasita. "Mbona hiki kifupi?"

Nikamwambia, "Marehemu naye alikuwa binadamu." Akakifunga.

Tarehe 11, Jumatatu, saa tano asubuhi, walikuja wageni wawili wa makumbusho na yule mama. Nilimpa kiti. Sikio akaiwasha. Ililia kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mama alifumba macho, akasema jina la mumewe, taratibu, kama anamwita mtu aliye chumba cha pili. Nadhani hazikufika sekunde arobaini. Kikasikika kitu kinakwaruza, injini ikazimika.

Ilipofunguliwa, ukuta wa ndani ulikuwa umechimbika mtaro, na cha tisa kimevunjika vipande viwili. Mama alivichukua, akaviunganisha, akaona alama za ule msasa, mbaya kuliko mkono wa mumewe.

"Hiki si cha mume wangu," akasema. "Umeuza cha kwake, ukaniwekea cha bandia."

Sikio alinitazama mara moja tu, kisha akatazama chini. Alishajua. Nimeambiwa hapa kituoni mlimuuliza nani mwingine aliyeshika vile vipande, akasema hakuna. Mimi, mama alipokuwa akimshutumu, nilikuwa nafagia mahali ambapo nilishapafagia.

Hakuna kilichoibwa wala kuuzwa. Cha tisa kilikuwa cha mhandisi mwenyewe. Ncha yake hii hapa ndani ya kiberiti, ilikuwa mfukoni mwangu tangu siku ile. Aliyeharibu ni mimi, kwanza kwa mkono, halafu kwa mdomo.

Nimeandika haya mwenyewe, sikutishwa wala sikupewa hata chai, na mengine sina.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi na dole gumba)

Yameandikwa mbele yangu leo tarehe 13, Jumatano, saa 5:40 asubuhi. Nimepokea kiberiti kimoja chenye ncha ya kipuri. Nikiilinganisha na kipuri kilichovunjika, unene na rangi ni sawasawa, ila palipokatika pamepigwa msasa. Shahidi ameelezwa kuwa anaweza kufunguliwa shauri. Amesema anajua. Ameomba nafasi ya kuongeza mistari michache. — Afisa wa zamu.

Nyongeza: Afande, mwezi wa sita pikipiki yako ilipogoma nilikuoshea kabureta, ukasema, "Mzee, siku moja nami nitakufaa." Basi siku yenyewe ni leo, na sitaki kikubwa. Ukienda kumfungulia mpwa wangu, mpe karatasi hii aisome yeye mwenyewe kwanza, kabla hajanikuta hapa kwenye benchi. Nikimwambia kwa mdomo nitatia mzaha.