Unga wa Mchele Mlangoni

Furaha mwanangu, nesi wangu wa Perth,

Unaikumbuka ile asubuhi ya Januari, mwaka wetu wa kwanza hapa mtaani Seven Hills? Nilifungua mlango nikakuta unga mweupe umetapakaa koridoni, mbele ya mlango wa jirani yetu Mhindi, Mama Kavya. Nikasema, maskini, mfuko umempasukia. Nikafagia. Nikapiga na deki, sakafu ikang'aa, kisha nikabisha hodi ili anishukuru! Wewe ukatokea na mswaki mdomoni: "Mum! Yale yalikuwa maua! Amechora tangu alfajiri!"

Aibu niliyoipata, we acha tu. Lakini Mama Kavya alicheka hadi akashika ukuta. "Dada, hata sisimizi wangeula. Kesho nachora mchoro mwingine." Ndipo akatueleza kwamba ni Pongal, sikukuu ya mavuno ya kwao Watamil, na mchoro ule wa unga wa mchele ndio unaokaribisha heri nyumbani. Kesho yake ukachuchumaa naye, ukiunganisha nukta kwa unga, ukasahau kuosha vyombo, na sikukugombeza.

Mimi zamani nilidhani India ni Diwali tu. Kila Mhindi kazini nilimtakia Diwali njema, hata yule wa Kerala ninayesali naye misa moja! Sasa usinichezee. Watu wa Kerala wana Onam, wanatandika zulia la maua mabichi. Wagujarati wanacheza duara siku tisa, vijiti mkononi. Wapunjabi wa ghorofa ya juu wana Lohri, wanazunguka moto wakiutupia ufuta na karanga. Mama yako aliyeishia darasa la sita anazitaja zote bila karatasi. Kanisani wananiita profesa, na sikatai.

Ila wiki hii msimamizi wa jengo amebandika tangazo: marufuku kuchora au kumwaga kitu koridoni. Na Pongal ni wiki ijayo. Mama Kavya alilisoma, akashusha pumzi. "Basi, Mama Furaha, tusisumbue watu."

Basi nini? Mwanamke aliyekupokea kila ukitoka shule, akakulisha hadi nirudi kutoka zamu, leo aambiwe anachafua?

Alhamisi wakaaji wote tuna mkutano. Nitakaa mbele, na kitenge changu cha Pasaka. Nitawaambia shahidi ni mimi: mchoro ule nilishaufuta kwa mkono wangu, dakika mbili, hakuna hata alama. Kiingereza kikiniishia nitamalizia kwa Kiswahili; sauti wataielewa.

Na wakikataa, Mama Kavya atachora ndani kwangu, pale sebuleni, na mlango nitauacha wazi siku zote nne za sikukuu. Apite anayepita, aone. Nani atanizuia kufungua mlango wangu?

Kula vizuri huko, si mkate tu. Alhamisi jioni niombee.

Mimi mama yako mzazi, asiyejua kunyamaza.