Mama, Barua Ile Niliiandika Mimi

Mama, mwaka mzima umekatika tangu asubuhi ile ya Alhamisi ulipotutoka katika wodi namba nne, Baba akiwa amekushika mkono. Penseli zako bado zimo kwenye kikombe juu ya friji. Zote zimechongwa, na hakuna anayethubutu kuitumia hata moja.

Kwa wasioijua kazi yako, ulifundisha chuoni miaka kumi na tisa. Ulifundisha vijana kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Java, na hasa lile somo wanaloliogopa: namna ya kuhifadhi data ndani ya programu ili ipatikane upesi, na namna ya kuipanga kutoka ndogo hadi kubwa bila kuichosha mashine. Ulisahihisha kwa penseli. Ulisema kalamu nyekundu inamtia mtu hofu kabla hajajua kosa lake ni lipi.

Nyumbani nako ulikuwa mwalimu yuleyule. Nguo zikianuliwa, ulituketisha sisi watatu kitandani mbele ya lundo la soksi na kutuuliza, mkishika moja moja na kutafuta pacha wake katika lundo zima, mtamaliza lini? Dada alikuwa na miaka tisa. Akasema tuzigawe kwanza kwa rangi. Ulifurahi kana kwamba amekuletea shahada, ukawa unawasimulia majirani juma zima. Na Baba, fundi friji anayeheshimika mtaa mzima, hukumwacha apumue: "Mafriji ya watu yanagandisha barafu, la kwetu linakohoa."

Kumbukumbu hii ingeweza kuishia hapo, tukaongeza picha yako ya kitambulisho cha kazi, na kila aliyeisoma angesema tulikupenda. Tulikupenda kweli. Lakini kuna jambo hatukulisema hadharani ulipokuwa hai, na ninayepaswa kulisema ni mimi, kitinda mimba wako.

Mwaka nilipoingia chuoni nilijikuta kwenye darasa lako. Jioni moja kabla ya masomo kuanza ulikuwa ukinipigia pasi shati, nikakuomba usimwambie mtu yeyote kwamba mimi ni mwanao. Nilisema sitaki waseme napendelewa. Hiyo ilikuwa nusu tu ya sababu. Nusu ya pili ni kwamba nilikuonea haya: viatu vyako vya raba, mkoba wako uliojaa chaki na kamba, sauti yako inayosikika hadi chumba cha tatu. Ulimaliza kola, ukageuza shati, kisha ukasema sawa, darasani utaniita kama unavyowaita wengine. Na ukatimiza. Kila asubuhi tulitoka nyumbani pamoja, tukaachana kwenye kona ya posta, wewe ukatangulia.

Chumba namba saba kilikuwa na kompyuta thelathini, na kumi na moja kati yake hazikuwaka. Labda ndiyo sababu ulipenda kufundisha kwanza kwa watu. Uliwasimamisha wanafunzi wanane mbele, kila mmoja na karatasi ya namba kifuani, ukamwita wa tisa awe mashine. Ulimfunga kitambaa machoni. Ukatuambia kwamba sisi tukitazama ule mstari tunaona mara moja nani ni mkubwa na nani ni mdogo, lakini mashine haina macho hayo. Yenyewe inashika wawili, inawalinganisha, inawabadilisha nafasi au inawaacha, basi. Sasa ipange foleni nzima kwa kushika wawili wawili, na sisi tuhesabu kwa sauti imeshika mara ngapi.

Tulihesabu, tukacheka, tukafika ishirini na nane. Juma lililofuata uliwagawa wanane haohao mistari miwili, kila mstari ukapangwa peke yake, kisha mashine ikaiunganisha kwa kuwashika wa mbele wawili tu na kumtoa aliye mdogo. Safari hii hatukufika hata ishirini. Uliandika zile hesabu mbili ubaoni, ukakaa juu ya meza, ukasubiri tushangae wenyewe. Mama, nilishangaa. Sikuonyesha, lakini nilielewa siku ile kitu ambacho sijakisahau mpaka leo.

Siku ya tatu ya mchezo huo darasa likanichagua mimi kuwa mashine. Ulinifunga kitambaa, ukalegeza fundo lisinibane masikio. Kiongozi wa darasa, kijana mcheshi ambaye kila mtu alitaka awe rafiki yake, akasema kutoka nyuma, "Mwalimu, mbona huyu mmefanana pua?"

Wakacheka. Ungeweza kujibu wewe. Uliniachia mimi nijibu.

Nikasema, "Sina undugu naye."

Macho yalikuwa yamefungwa, sikuuona uso wako. Nilisikia tu ukisema, "Haya, tuanze," na mkono wako ukinisogeza taratibu hadi kwa mtu wa kwanza kwenye mstari.

Mchana ule, kwenye kantini, kiongozi alikuwa akilalamika kwamba tunapotezewa muda. Java ina amri yake ya kupanga, mstari mmoja tu wa programu na kazi imekwisha, sasa sisi tunafungwa vitambaa vya nini? Wenzetu wa vyuo vingine wameshaanza kutengeneza programu za simu. Akasema tumwandikie mkuu wa idara. Akauliza nani anajua kuandika vizuri. Niliogopa kwamba nikikaa kimya wataitazama tena pua yangu. Nikasema nitaandika mimi.

Niliweka hoja tano. Kwamba mwalimu hatumii kompyuta inavyopasa. Kwamba anazungumza mno. Kwamba anakwenda polepole na mtaala hautakwisha. Kwamba anawachezesha watu wazima kama watoto wa chekechea. Ya tano ilikuwa ombi, tubadilishiwe mwalimu. Watu ishirini na sita walitia sahihi. Yangu ni ya saba.

Haikupita hata nusu mwezi ukaondolewa. Ulipewa darasa la makarani, kuwafundisha kuchapa barua na kupanga majedwali. Ulirudi nyumbani ukatuambia mezani kwamba umehamishiwa somo jingine, ukaendelea kumimina chai. Baba akasema afadhali, utapumzisha miguu. Dada akasema huko karatasi za kusahihisha ni chache. Kaka alikuwa akitafuta chaneli. Hakuna aliyekuuliza kwa nini. Mimi nikaomba sukari.

Baba, Dada na Kaka wameniambia niandike na hilo, kwa sababu wanaona haya kama mimi, ingawa kosa lao ni dogo.

Mwalimu aliyechukua nafasi yako alisoma maandishi yaliyomulikwa ukutani, kichwa chake kikiwa kimeinama, na kufika mwezi wa tatu nusu ya darasa ilikuwa haielewi tena somo. Wakaanza kukufuata. Saa za chakula cha mchana ulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha makarani, nao wakija na madaftari, na wengi wao walikuwa wameitia sahihi barua ile. Kiongozi wa darasa naye alikuja. Hukumfukuza mtu. Mimi nilikuwa nikizunguka nyuma ya jengo ili nisipite mbele ya benchi lile.

Nilimaliza chuo, nikapata kazi kwenye bohari la dawa. Mwaka wangu wa kwanza, programu inayoorodhesha dawa kwa tarehe ya kwisha muda ilikuwa ikiganda kila asubuhi. Nikaifungua, nikaona aliyeitengeneza ameifanya ilinganishe kila boksi na kila boksi. Nikaigawa orodha vipande, nikavipanga, nikaviunganisha, vilevile kama ile mistari miwili ya chumba namba saba. Ikakimbia. Msimamizi wangu akaniuliza nani alinifundisha. Nikamjibu kwamba nilijisomea.

Jioni nilikusimulia ile kazi, sikukusimulia lile swali. Ulichukua bahasha tupu ukachora mishale, ukaniuliza je, kama maboksi mawili yana tarehe moja, lipi litangulie? Ulikuwa na furaha. Nilishindwa kula.

Ulipolazwa kwa figo, tulipeana zamu za kukutazama. Yangu ilikuwa ya alasiri. Siku moja, mgonjwa wa kitanda cha pili akiwa amepelekwa vipimo, nilikwambia. Nilisema yote, kuanzia kantini. Ulinisikiliza huku ukikunja na kukunjua pindo la shuka.

"Nilijua," ukasema. "Mkuu wa idara alinionyesha barua. Umeandika 'ili kusudi' mara mbili. Tangu darasa la nne nakukatia hilo neno moja, na mpaka leo unayaweka yote mawili."

Sikujua nicheke au nilie. Ukaendelea, "Iliniuma, sikufichi. Ila hoja ya tatu ilikuwa kweli. Nilikuwa naenda polepole."

Nikakuomba msamaha. Ulisema ulishanisamehe siku nyingi, ungeishije na mimi nyumba moja bila hivyo. Kisha ukanishika kifundo cha mkono. "Lakini kamwambie mkuu wa idara. Yeye bado anajua nilikuwa nawachezesha watu."

Nikaahidi Jumatatu. Jumatatu ile kulikuwa na kikao kazini. Jumatatu iliyofuata nilijiambia mvua ni kubwa. Ya tatu nilifika hadi kwenye lango la chuo, nikamwona mlinzi aliyenifahamu, nikageuza njia. Kila alasiri nilipoingia wodini ulinitazama mara moja, ukaona, ukaniuliza habari za kazi. Hukunikumbusha. Alhamisi ya juma lile ukafariki.

Nilikwenda tulipokwisha kukuzika. Mkuu wa idara alitoa jalada kabatini, akaisoma ile barua upya, mimi nikiwa nimesimama. Aliniambia kwamba siku alipokuonyesha alikuuliza kama unamjua aliyeiandika, nawe ukamjibu kwamba ni mwanafunzi anayejua kupanga hoja. Hukujitetea hata kidogo. Akakiri kwamba katika miaka yote ile hakuwahi kuketi darasani kwako hata kipindi kimoja. Nilimwachia barua yangu ya pili, yenye kusema ukweli. Akaiweka ndani ya jalada, akalifunga, akalirudisha kabatini.

Basi ndiyo hivyo. Kabatini hakuna anayesoma. Walimu wenzako waliokusikitikia, makarani uliowafundisha bila kinyongo, wale ishirini na watano wengine: wote walibaki na habari ya uongo. Ndiyo maana naandika hapa. Mama Mdogo hakutaka. Alisema mambo ya ndani yabaki ndani, na kwamba kumbukumbu ni ya marehemu, si ya kujianika. Pengine ana haki. Baba hakujua kitu mpaka nilipomsomea rasimu. Alitoka nje akaenda kufungua friji la mteja, na siku sita hakusema nami. Siku ya saba alikuja chumbani kwangu na karatasi ile mkononi. "Itoe," akasema. "Lakini toa yote. Usijipambe."

Mama, hukuwa mwalimu mzembe. Ulifundisha kwa akili na kwa upendo, ukavunjiwa heshima na mtu uliyemzaa, na ukakaa naye meza moja miaka mitano bila kumtaja kwa mtu yeyote. Haya ungepaswa kuyasikia yakisemwa ofisini kwa mkuu, kwa sauti, ukiwa umeketi pale. Nilikuwa na Jumatatu tatu.

Unakumbukwa na mumeo, fundi. Binti yako mkubwa, muuguzi. Mwanao wa kati, fundi umeme. Mdogo wako, Mama Mdogo wetu. Wakwe zako na wajukuu zako wawili, ambao mmoja wao hukumwona. Na unakumbukwa na mimi, niliyesema sina undugu nawe.

Siku zote tutakazoishi, tutakukumbuka.