Saa ya Kufungua Milango

Jumanne, 19 Novemba 1996

Wewe uliyeshika daftari hili, nakuomba kwa jina la mama yako — lifunge. Kama umeshasoma, meza uliyosoma. Hapa mjini Wai usimwambie mtu hata neno moja! Mkuu wangu wa ofisi na baba mkwe wa mdogo wangu Sharayu ni mtu mmoja, Bwana Kirtane, na mimi ni karani wa muda tu. Akikohoa, sina kazi.

Leo nimempelekea mafaili nyumbani. Sharayu hakujitokeza. Tangu mumewe agongwe na lori mwezi wa Agosti, hajavuka kizingiti. Mama mkwe wake akasema mbele yangu, huku anapepeta mchele, kwamba siku ile Sharayu alilala machweo, nywele wazi, taa haijawashwa. Kifo kikakuta nyumba haina mwenyewe, kikaingia.

Alikuwa na homa! Nilimgusa paji mwenyewe mchana ule, linachoma.

Nikajibu, "Ndiyo, mama." Ndiyo, mama! Ulimi gani huu nimepewa?

Jumatano, 20 Novemba

Ambadas, mpiga chapa wetu, kanichokoza. "Bwana mdogo, mbona umenuna kama nyati aliyenyimwa tope?" Nikacheka. Kisha akainama juu ya taipureta: nasikia Jumanne ijayo mdogo wako anapelekwa mbali, mji wa Nagpur, kwa kaka wa Mkuu wetu. Huko kuna bibi kizee haamki kitandani. "Wamepata yaya wa bure, bwana. Wa maisha."

Sikula mchana. Nimemchukia Ambadas kwa kujua kabla yangu. Nimejichukia zaidi.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimezungumza naye! Kwenye dirisha la jikoni, nikijifanya naomba maji.

"Nitoe, kaka. Nikifika Nagpur sirudi."

Amekonda. Mchana kutwa milango imefungwa, funguo zimening'inia kiunoni kwa mama mkwe. Lakini machweo! Machweo mlango wa mbele hufunguliwa mbawa zote mbili ili Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, aingie na neema zake, na wa nyuma hufungwa asije akapitiliza. Sharayu huambiwa akae jikoni, uso wa mjane usije ukamfukuza mgeni huyo. Mama mkwe yuko chumba cha miungu, anapiga kengele. Anayebaki barazani ni Bwana Kirtane, ameelekea magharibi na chombo chake cha maji, anahesabu sala kwa pingili za vidole. Na hasemi! Ofisini anajigamba kwamba miaka arobaini hajawahi kuikatiza sala hiyo kwa neno hata moja.

Basi. Jumamosi Sharayu atampita palepale mbele ya macho yake. Atapiga kelele kwa mdomo gani?

Babu alinifundisha sala hiyohiyo. Sandhya, yaani machweo na sala yake, alisema, ni kiungo, mahali mchana na usiku vinaposhikana. Jioni yenyewe ni mungu, ni mama, na unasimama mbele yake umwombe akufutie makosa ya mchana. Sasa naona wengine wanaitumiaje! Kutwa unamtesa mtoto wa watu, jioni unanawa, asubuhi unaanza upya na mikono safi. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Jumamosi, 23 Novemba

Imeshindikana.

Mlango ulikuwa wazi. Kengele inalia ndani. Mzee kaniona getini, midomo inaendelea. Sharayu akatoka jikoni na kifurushi, akafika kizingitini — akasimama. Nikamwashiria kwa mkono. Njoo! Akatikisa kichwa, machozi yanamtoka. Mguu haukunyanyuka. Akarudi ndani.

Mzee alimaliza sala yake yote, bila haraka. Akamwaga maji. Akasema, "Mukund, leo umekuja bila faili." Kisha: "Jumatatu jioni niletee hapa faili la ajira yako."

Jumapili, 24 Novemba

Mjinga mimi! Nilipiga hesabu ya mdomo wa mzee tu. Kwetu mama hakuruhusu hata sindano itoke nyumbani jua likishazama, wala chumvi, wala maziwa, kwa kuwa neema hutoka navyo. Na mimi nikamwita binti mzima, aliyelelewa na mama huyohuyo, avuke kizingiti saa ileile! Ameshaambiwa aliingiza kifo kwa kulala. Angewezaje kutoka na neema ya nyumba mkononi?

Wametufunga wote wawili, na kamba tumeizungusha wenyewe.

Jumatatu, 25 Novemba

Naandika nimeegemea ukuta wa jirani. Nisamehewe mwandiko.

Nilifika na faili. Mzee barazani, macho magharibi, vidole vinahesabu. Sharayu akatoka. Hana kifurushi. Ana taa — ameiwasha mwenyewe! Akaiweka kizingitini, akaketi kando yake, akafungua nywele. Zote. Zikamwagika mpaka sakafuni.

"Baba," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "machweo ndiyo haya. Nywele ndizo hizi. Nitazame, useme mimi ndiye niliyemuua mwanao."

Vidole vikasimama. Na mzee akasema! Miaka arobaini — akasema!

"Mukund! Funga mlango huo!"

Mlango wa mbele! Kufungwa machweo, kwa amri yake! Ndani kengele ikakatika. Na mkono wangu — huu ninaoandikia — ukaenda ukagusa mlango. Ukagusa! Sharayu akautazama tu. Nikauondoa. Nikaweka faili sakafuni. Nikasema, "Sifungi." Sauti yangu ilitoka nyembamba, kama ya mtoto, lakini ilitoka.

"Umeshasema, Baba," Sharayu akaendelea. "Basi malizia. Sema nilimuua, au sema sikumuua. Mimi sitoki wala siingii mpaka uniambie."

Majirani wamejaa uchochoroni. Mama mkwe amesimama nyuma yake, hawezi kumruka. Mzee ameshika chombo cha maji, hamwagi, hanywi. Nyota zimetoka. Taa bado inawaka. Sharayu ameniambia nikae mbali, hili ni lake.

Anayenitafuta: niko hapa ukutani, ng'ambo ya nyumba ya Kirtane, nimevaa sweta ya kijani. Usiku huu sitasogea. Ukinikosa, ni kwamba amejibiwa. Tutafute kwa shangazi Godutai, Satara, uchochoro wa nyuma ya wakamua mafuta, mlango wa bluu. Usibishe mlangoni, gonga dirisha. Mwulizie Sharayu kwanza. Akikubali kukuona, na mimi nitatoka.