Nilichelewa Makusudi, Nikaandikiwa Saa Tano

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana Jumatatu natakiwa kwenda na mkasi kumnyoa mama wa watu nywele zake zote kwa sababu ya uovu wangu mimi, na mkono huu ninaokuandikia ndio utakaoshika huo mkasi.

Mimi ni msusi, nina saluni ya viti vitatu, na sikupewa na mtu, nilianza na kitana kimoja na kiti cha plastiki kwenye baraza ya kuazima, miaka kumi na minne sasa, hivyo mtu asije kunieleza kazi ni nini. Mtaani kwetu kuna shirika dogo la kujitolea, wameanzisha kitu wanakiita benki ya saa, hakuna pesa inayoingia wala kutoka, ukimfanyia mwenzako kazi ya saa moja unaandikiwa saa moja, yeye anakatwa saa moja, na siku ukiwa na shida mwanachama mwingine anakufanyia wewe. Mpango mzuri, sikatai, nimeona watu wamepakiwa rangi nyumba, wamefundishiwa watoto, wameuguziwa wagonjwa bila kutoa senti. Kilichonichoma tangu mwanzo ni kwamba saa yangu mimi fundi wa miaka kumi na minne na saa ya mtu anayemwagilia maua ya jirani zinalingana, nikauliza mkutanoni, katibu akacheka akasema, "Dada, hapa hakuna saa ya daraja la kwanza," watu wakapiga makofi, nikakaa chini na donge langu.

Nikapangiwa Mama Stempu. Huyu ni mjane aliyekaa dirishani posta miaka thelathini, akagonga mihuri mpaka jina likamganda, na mwaka juzi alipata kiharusi, mkono wa kulia haunyanyuki. Kila Jumatatu, siku ninayofunga saluni, nilikuwa nafika kwake saa tatu asubuhi, namwosha nywele, nampaka mafuta, namsuka mistari minane, baada ya saa moja kazi imekwisha. Kadi anaijaza anayehudumiwa, wewe mfanyakazi unatia sahihi tu na kubaki na nakala. Ina safu nne: tarehe, kazi, saa, sahihi.

Mwezi wa kwanza ulipoisha katibu akanitumia ujumbe, "Hongera, una saa kumi na mbili," nikashangaa maana nimekwenda mara nne tu, nikatoa nakala zangu nikazitazama. Pale palipoandikwa "saa" Mama Stempu, kwa mkono wa kushoto na kwa mazoea yake ya posta, alikuwa anaandika saa niliyoingia mlangoni. Tatu, tatu, tatu, tatu. Na katibu anajumlisha kama nimefanya kazi saa tatu, wala hashangai, maana nani asiyejua kusuka ni kazi ndefu. Hesabu hazinipigi chenga, Shangazi, nilielewa pale pale, na pale pale nikanyamaza, nikajiambia hii ndiyo haki yangu waliyoicheka, imerudi yenyewe.

Ingeishia hapo ningekuwa mwizi wa kawaida. Wiki ya tisa mtoto wangu aliamka na homa, nikafika saa nne, Mama Stempu akaandika nne. Nimechelewa, nimeongezewa! Basi nikaanza kuchelewa makusudi, saa nne ikawa mara sita kwa jumla, halafu mara nne nikaenda saa tano, nakaa nyumbani nimeshavaa viatu, nakunywa chai, natazama mshale, ilhali yeye amekaa kwenye stuli karibu na mlango, amejifumua tangu asubuhi kwa mkono mmoja ili asinipotezee muda. Nikiingia ananiambia, "Pole na kazi, mwanangu, najua watu wanakugombania."

Hesabu yangu hii hapa: mara nane kwa tatu, mara sita kwa nne, mara nne kwa tano, jumla sitini na nane. Za halali ni kumi na nane. Hamsini ni za wizi. Nimeshatumia arobaini na moja, seremala kanijengea rafu saluni nzima na mwingine kanipakia rangi. Na mwezi uliopita shirika likanitangaza mwanachama mwenye saa nyingi kuliko wote, wakanipa zawadi, na zawadi yenyewe, usicheke, ni saa ya ukutani. Walikuja kuitundika wenyewe juu ya kioo. Wateja wanasema, "Umependelewa!" mimi naangalia sakafu.

Ninachokula mimi, yeye ndiye anayekatwa. Kadi yake imeshuka chini ya sifuri, hakuna aliyemdai, ndio utaratibu wao hawamdai mgonjwa, lakini yule mama ana haya zake, akaomba apangiwe kupokea simu ofisini kwao siku tatu kwa wiki, kwenye kiti cha mbao, ili alipe. Jumatatu iliyopita nilimkuta miguu imevimba, na binti yake akasema mbele yake kama vile hayupo, "Mama siku hizi anasahau, anang'ang'ania kusukwa ni saa moja. Hebu mwambie wewe, dada."

Mama Stempu akanigeukia. "Mwanangu, ni saa moja, au kichwa changu kimeanza kuniacha?"

Nikasema, "Mama, unajua tukiongea muda unapita bila mtu kujua."

Ndivyo nilivyosema, Shangazi, kwa mdomo huu. Akasema, "Basi Jumatatu njoo na mkasi uzitoe zote. Miaka thelathini sikupoteza stempu hata moja, siwezi kuzeeka nadaiwa nywele."

Nilichofikiria ni hiki: nimkatalie mkasi, niendelee kwenda wiki hamsini bila kutia sahihi, nilipe kimyakimya, asijue mtu. Nusu ya wateja wangu ni wanachama, nikifungua mdomo naifunga saluni kwa mkono wangu. Hamsini kutoa hamsini ni sifuri. Niambie hesabu inakaa sawa.

Msusi mwenye saa ukutani

SHANGAZI ANAJIBU

Msusi, haikai sawa.

Nilipofika kwenye ile kadi nilicheka, nakiri. Nilipofika kwenye stuli karibu na mlango kicheko kikanikauka. Wewe unayejisifu kwa hesabu umejumlisha kila kitu ukasahau muda aliokungoja: mara sita saa moja moja, mara nne saa mbili mbili. Hizo ni saa kumi na nne, kichwa kimefumuliwa, macho mlangoni. Hazimo kwenye kadi yoyote.

Donge lako nalielewa. Fundi aliyejitengeneza mwenyewe akichekwa mbele za watu huumia, na katibu wenu angeweza kukujibu kwa adabu. Ungesimama tena ukabishana, au ungejitoa. Lakini aliyekucheka ni katibu, na uliyemlipiza ni mjane wa mkono mmoja anayekuita mwanangu. Hapo sina pole ya kukupa.

Sasa huo ujanja wa wiki hamsini. Kadi yake itabaki chini ya sifuri, ataendelea kukaa kwenye kiti cha mbao, na bintiye ataendelea kumsemea kama mtoto. Saa zinarudishwa, dada. Mtu uliyemwambia usoni kwamba hajui tena saa moja ina urefu gani, naye anaamini kwa sababu umesema wewe, huyo utamrudishia lini? Wiki ya hamsini? Atakuwa ameshakubali kwamba amechanganyikiwa.

Leo ni Jumamosi. Una kesho yote ya kuogopa, ogopa umalize. Jumatatu mkasi uache nyumbani. Binti awepo, maana ulimwaibisha mama mbele yake. Useme hivi, na usiongeze: "Mama, kichwa chako ni kizima. Wewe uliandika saa niliyofika, wao wakasoma saa nilizofanya kazi. Nilijua tangu mwezi wa kwanza nikanyamaza, na nilichelewa makusudi." Homa ya mtoto usiitie humo. Kulia usilie, usije ukamfanya yeye akubembeleze wewe. Akikufukuza, ondoka. Akitaka kunyoa hata baada ya kujua, nywele ni zake, lakini mkasi aushike mwingine.

Ukitoka hapo nenda moja kwa moja kwa katibu na nakala zote kumi na nane. Kwanza isahihishwe kadi ya Mama Stempu, arudishiwe hamsini zake, na zile alizofanya kazi kwenye simu zihesabiwe kuwa akiba yake. Halafu yako: umetumia arobaini na moja, ulistahili kumi na nane, uko chini kwa ishirini na tatu. Zifanye zote, kazi yoyote utakayopangiwa, hata kumwagilia maua ya jirani. Na umwambie katibu abadilishe kadi iandikwe "muda wa kazi", maana sidhani Mama Stempu ni peke yake aliyesoma neno saa akatazama ukutani.

Wateja? Wengine wataondoka. Ulianza na kitana kimoja, na hicho hakuna atakayekunyang'anya.

Ile zawadi iteremshe, uirudishe ofisini. Na usije ukapata wazo la kumpelekea yeye kama kifuta machozi. Saa anayo. Ndiyo aliyokuwa akiitazama akikungoja.

Saa tatu kamili uwe umeshagonga mlango. Akikuruhusu umsuke, msuke, na kazi ikiisha akichukua kalamu, weka kidole pale kwenye safu ya saa umwambie, "Mama, hapa andika moja."