Kinyama Kilichoonwa na Kompyuta

Jumatatu, 2 Juni 2025
Kesho napimwa utumbo mpana. Madaktari bingwa wameweka kambi ya upimaji hospitalini, wamekuja na kamera inayosaidiwa na kompyuta. Tangu mchana nakunywa dawa ya kusafisha tumbo — chooni, kitandani, chooni! Mke wangu Suzana angekuwa hai angenicheka. Mwalimu mstaafu mzima, mbio uani na kandambili mguu mmoja. Nyumba kimya.

Jumanne, 3 Juni
Nesi akauliza nani atanirudisha nyumbani Matogoro nikipewa dawa ya usingizi. Sina mtu. Basi, nikapimwa nikiwa macho. Iliuma! Nikautazama utumbo wangu kwenye skrini, mwekundu, unang'aa. Ghafla kompyuta ikalia, ikachora kisanduku cha kijani. Daktari Lidwina akasema ni mkunjo tu, akapita. Kikachorwa tena. Akarudi, akasafisha kwa maji — kumbe kinyama kimeota, kama punje ya harage!
"Mwalimu, hiki ningekiacha," akasema.
Akakikata palepale. Kimepelekwa maabara.
Nimerudi na bodaboda. Uji nimejipikia.

Jumatano, 18 Juni
Majibu. Si saratani — ila kingeachwa, kingeweza kugeuka. Daktari akauliza kama kuna wa ukoo aliyeugua. Nikamweleza baba: choo cha damu, akakonda, akafa. Akasema huenda ilikuwa hiyohiyo. Ndugu wa damu wapimwe. Kambi yao inafungwa Jumatatu.
Ndugu wa damu ninaye mmoja. Kaka Joachim, Mpitimbi. Msibani kwa baba alisimama mbele ya watu akasema mke wangu ndiye aliyemroga. Miaka sita hatusemezani. Kumzika Suzana hakuja.
Nimeshika simu. Nimeiweka.

Jumamosi, 21 Juni
Mpitimbi. Naandika nimekaa uani kwa kaka. Shemeji Adela alinipokea, akalia kidogo. Kaka akatoka — amekonda! Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika. Akasema kama nimefuata shamba la baba, nirudi. Nikamwambia sikufuata shamba. Nikamweleza yote: kinyama changu, choo cha baba, na kwamba naye akapimwe kabla madaktari hawajaondoka.
Akauliza, "Kwa hiyo Suzana...?"
Nikamwonyesha karatasi ya majibu yangu.
Ameingia chumbani, amejifungia. Shemeji ananinong'oneza: mwezi wa tatu huu anapata choo cha damu, hataki mtu ajue.
Nimebisha. Nimebisha tena.
Shemeji ameanua mashati ya kaka kambani. Anayakunja, anayapanga kwenye begi langu kwa safari ya hospitali. Mlango bado haujafunguliwa.