Santuri ya Saa ya Kukamua

Baba,

Malkia bado anakataa kuachilia maziwa mpaka asikie santuri yako. Ulimharibu huyo ng'ombe na hakuna mwingine wa kulaumu. Molo nzima wanakamua kimya au na redio, mimi tu ndiye kila jioni natoa lile gunia lako la kuzuia vumbi, nawasha gramafoni zizini, ndipo nakaa na ndoo.

Albamu yenyewe nimeanza kuielewa ukiwa umeshaenda. Ulipoileta kutoka Nakuru niliona ni kelele za wazee. Kumbe! Sasa nasikia vile besi inaingia mbele, polepole, inampisha yule mama wa Marekani aimbe. Nasikia anavyovuta pumzi kabla ya neno la kwanza, kama mtu anayejikaza asilie. Na wale dada watatu nyuma yake! Ulikuwa ukiniambia, "Shiru, kuimba hata mimi naweza. Sikiza wanaoitikia." Na Mama alikuwa akiitikia nao kutoka jikoni, akimenya viazi, wewe ukicheka huku zizini.

Baba, naogopa. Wacha niseme tu.

Mama anasahau. Ilianza ukiwepo, si unakumbuka alivyokuwa akitia chumvi kwa chai. Lakini siku hizi amesahau hata kwamba tulikuzika. Santuri ikianza anatulia, anasema, "Baba Shiru anakamua," halafu anangoja uingie na maziwa. Nikiingia mimi, anaangalia nyuma yangu. Nilimwambia ukweli mara moja tu. Alilia upya kama siku ile ya kwanza, na haki ya Mungu sitaki kuiona tena hiyo sura.

Kwa hivyo naiweka santuri, nayo inazidi kuchakaa. Nilijaribu kumwekea albamu hiyo hiyo kwa simu. Ni safi, haina mikwaruzo, na hairuki pale Malkia alipoipiga santuri teke, pale sisi wote tumezoea kuruka nayo tukiimba. Mama akaja mlangoni amekasirika. "Hiyo si yetu. Baba Shiru ameenda wapi?"

Juzi sindano ilikwama. Ni ule wimbo wa mwisho, wa kumsihi mpenzi arudi nyumbani, na ikakwama hapo hapo pa kuita. Njoo. Njoo. Njoo. Mikono yangu ilikuwa kwa chuchu, nikasema wacha nimalizie hii kwanza. Kuinua macho, Mama ameshapita zizi, miguu mitupu kwa baridi hii yetu, anaelekea kwa ile miti ya misaipresi ulikolala. Wee! Nilitupa ndoo, maziwa yote yakamwagika. Nikampata kwa kaburi anatetemeka, anakugombeza. "Nimeskia. Si nimekuja? Acha basi kuniita."

Nikamshika. Amekuwa mwepesi sana, Baba. Tulirudi polepole, na santuri ilikuwa bado inaita.

Sasa nifanye nini? Nisipoiweka, anakutafuta. Nikiiweka, inamwita. Nimefunga njia ya kwa kaburi na waya, halafu nikaona aibu, kumfungia mtu njia ya kwa bwanake. Na usiseme ninazidisha. Ungemwona amesimama pale, ungeogopa pia.

Jana nilimleta zizini, nikamkalisha kwa kiti chako, blanketi magotini. Pale pa kuita nilikuwa nimeshaacha kukamua, kidole tayari juu ya mkono wa sindano. Sindano ikapita. Na Mama akaitikia na wale dada, kila neno, na pale santuri inaporuka akaruka nayo. Huyo mtu anayesahau kwamba mimi ndiye Shiru! Nililia mpaka Malkia akanichapa na mkia. Lakini ilipoisha, aligeuka akaangalia kule kwa miti, akasikiliza.

Lala salama, Baba. Nakuahidi santuri nitaitunza, na Mama hataisikiza peke yake tena. Ila na wewe nisaidie. Najua umemkosa, na najua yeye akiitwa huitikia, ndivyo alivyo. Usimwite bado. Na ukishindwa kabisa kujizuia, ukaita, nitakuitikia mimi, hapa hapa zizini: bado kidogo, Baba. Bado kidogo.

Shiru wako