Santuri Iliyorekodiwa Siku ya Posho

Kaka Bene,

Shikamoo. Najua hujibu, lakini siwezi kuanza kukuandikia bila kukuamkia. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinikumbusha, hata nilipokwisha kuwa bibi wa watu.

Watu wanaisikiliza santuri yako. Ile ile mliyorekodi Hale mkiwa vijana wanne, ukaichukia mpaka unakufa. Binti mmoja wa Dar anayekusanya muziki wa zamani aliikuta Tanga, kwenye duka la vitu chakavu, akaiweka mtandaoni, na sasa wazungu na vijana wetu wenyewe wanaisifu. Anasema ni rock ya miaka ya sitini, ya ile namna inayomfanya msikilizaji ajione yuko ndotoni, na kwamba hapa nchini hajapata kusikia nyingine kama hiyo. Jina letu la ukoo limeandikwa kwenye jalada, akaulizia ulizia mpaka akanipata hapa Korogwe. Akaifungulia kwenye simu. Kaka, sauti yako ya ujana ilitoka kwenye kitu kidogo kama kipande cha sabuni, nikashindwa hata kumkaribisha mgeni chai.

Unakumbuka ulivyoichana spika ya klabu ya shamba la mkonge kwa wembe? Ulitaka gitaa liungurume kama kwenye zile santuri za mafundi wa kizungu waliojenga kituo cha umeme. Karani wa klabu alikufukuza hadi kwenye mkonge, na baba akacheka mpaka akakaa chini, yeye aliyetoka Songea kuja kukata mkonge na hacheki ovyo.

Halafu mkachagua Jumamosi ya kurekodi hapo klabuni, kwa sababu hamkuwa kazini. Hakuna kati yenu aliyekumbuka kuwa ilikuwa siku ya posho. Shamba zima lilikuwa limegawiwa mahindi asubuhi, na kina mama wote wako kwenye foleni ya mashine ya kusaga, ambayo ilikula umeme kwenye waya mmoja na klabu. Nilikuwa kwenye foleni hiyo pamoja na mama na debe letu. Kila mahindi yalipomiminwa mashine ikaguna, umeme ukashuka, na kile kinasa sauti chenu cha mkanda kikapoteza mwendo. Nyie huko ndani hamkujua kitu. Mlimaliza mkakumbatiana. Mkanda ukaenda Nairobi, zikarudi santuri, na humo, kila pale mkanda ulipozubaa, gitaa lako linapanda kisha linazama, na sauti yako inakuwa ya mtoto halafu inarudi kuwa yako. Korogwe nzima ikasema santuri ina malaria.

Hukupiga tena. Uliuza gitaa, ukaenda zako Kwedizinga kulima. Kwenye harusi yangu ulikaa umekunja mikono kama mtu aliyekuja kudai. Neno lako lilikuwa moja, nalo ulilisema ukiwa umechoka sana: "Ningepata siku moja tu ya kurudia."

Sasa sikia kinachoniua. Wanachokisifu ni huko kuyumba. Wanadhani ulifanya makusudi! Nilimweleza binti habari ya posho nikidhani atapoa, kumbe ndiyo kwanza akapiga makofi. Wanataka kuichapa upya. Akaniambia siku hizi kuna kompyuta zinazoweza kuinyoosha sauti iliyoyumba, na kwa kuwa nyote wanne mmekwisha kufa nimebaki peke yangu, mimi ndiye mwenye neno. Waiache au wainyooshe?

Nikajibu hapo hapo: inyoosheni. Nilisema kwa ajili yako. Akasema kwa adabu zote, "Bibi, wanaoisubiri wanaitaka hivyo hivyo ilivyo. Ikinyooka hawatainunua." Basi swali lilikuwa la heshima tu, kama mtu anavyokukaribisha mezani naye keshamaliza kula.

Jumapili nikapanda basi la Handeni, nikafika Kwedizinga. Jirani yako analima lile shamba, mahindi yamestawi kuliko yako. Kaburini nyasi zimeota, nikazing'oa, nikakuuliza nifanye nini. Maisha yangu yote nimekuuliza wewe: shule, mchumba, mpaka huu mguu wangu mbovu. Umenyamaza. Nilikukasirikia, kaka, nimepiga magoti hapo na nyasi mkononi, nikakukasirikia kabisa.

Maana na mimi sijui nataka nini. Kila sauti inapopanda najua kuna mama amemimina debe lake. Kwenye wimbo wa tatu inapanda muda mrefu, na mimi hujiambia kuwa hapo ni mama yetu, kwa sababu debe letu lilijaa. Sina ushahidi wowote. Wale kina mama wote wamekwisha kufa. Ukiinyoosha unawafuta. Usipoinyoosha, wewe ndiye unabaki unapepesuka mbele ya watu kama mlevi. Ningeweza kukataa isichapwe kabisa, lakini hapo ungerudi kwenye duka la vitu chakavu. Nikakubali waiache. Sikuwa na nguvu ya kusema kingine.

Juzi binti, kwa huruma yake tu, amenitumia iliyonyooshwa niisikilize mwenyewe. Niliifungua nikichambua mchicha. Kaka, hukukosea hata mahali pamoja. Vidole vilikwenda sawasawa, na pale unapopaza sauti, pale palipokuwa pakichekesha watu, ni pazuri mno sijui nisemeje. Miaka yote nilikuhurumia kama mtu aliyejaribu akashindwa. Hukushindwa. Nilinyanyuka nikimbie kukuambia, nikafika mlangoni na mchicha mkononi, halafu sikuwa na pa kwenda.

Waandishi watakuja, nimeambiwa. Watataka niwaeleze ulivyoibuni ile sauti, na nitawaambia habari ya mahindi. Nakuahidi pia kwamba hawataondoka kwangu kabla sijawaambia ulipiga vizuri, waamini wasiamini.

Pumzika, kaka yangu. Ilitakiwa uambiwe wewe.

Mdogo wako,
Veronika